Uzi wa Kitani wa Massalia

Kabla uzi haujagusa ubao, kuna kazi ya patasi. Fundi amelaza ubao wa msonobari, upande utakaokuwa ndani ya mashua ukitazama juu, na karibu kabisa na ukingo anachonga kishimo kidogo chenye mdomo wa pembetatu, kuta zake zikiteremka kukutana kwenye ncha moja. Akimaliza anasogea sentimita chache, anachonga kingine, kisha kingine, mpaka ukingo wote umeenea. Ndipo anaposhika keekee. Kutoka kwenye ncha ya kila kishimo anatoboa tundu la mshazari linalopita katika unene wa ubao na kutokeza kwenye ubapa wake, pale ambapo ubao huu utagusana na mwenziwe. Tundu halifiki nje. Ujanja wote umo hapo: uzi utapita ndani ya mti wenyewe, na anayeitazama mashua ikielea hataona mshono hata mmoja. Jiwe la ufukweni halitaukwaruza uzi, wala jua halitaukausha.

Hivyo ndivyo zilivyoundwa mashua za kwanza tunazozijua za Massalia, mji wa Wagiriki ulioanzishwa mnamo mwaka 600 KK kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa ya leo, na ambao sasa ni jiji la Marseille. Waanzilishi wake walitoka Phokaia, mji wa pwani ya Anatolia uliopo mahali panapoitwa sasa Foça, nchini Uturuki, kaskazini ya Izmir. Kutoka huko hadi Massalia ni safari ya bahari inayozidi kilomita 2,000, na Herodotus, mwandishi wa historia wa Kigiriki, aliwataja Wafokea kuwa Wagiriki wa kwanza kufanya safari za mbali namna hiyo, wakivuka hadi pwani za Italia na Hispania.

Ukiuliza asili ya mji huu, kwa kawaida utasimuliwa harusi. Nannos, mfalme wa Wasegobrigi wenye nchi ile, alikuwa akimwoza binti yake siku ile ile Wagiriki walipotia nanga. Desturi ilimtaka binti achague mume kwa kumpa kikombe mbele ya wageni. Akawapita vijana wote wa kwao, akamkabidhi mgeni. Katika masimulizi mengine binti ni Gyptis na mume ni Protis. Katika mengine, yanayotoka kwa Aristotle, ni Petta na Euxenos. Mfalme akawapa wageni ardhi, na mji ukaanza. Ni hadithi nzuri, nami sina haja ya kuibeza. Watu wa Marseille wameitunza kwa mapenzi na wana haki ya kuitunza. Ila nikitaka kujua mji ulianzaje hasa, moyo wangu huvutwa na vile vishimo vya pembetatu. Harusi ni ya siku moja. Kwenye vishimo kuna mtu aliyeketi na patasi siku nyingi mfululizo, mwenye ujuzi aliokuja nao kutoka ng'ambo, akichonga mbao za nchi aliyoikuta.

Mahali penyewe palimfaa baharia. Bahari inaingia nchi kavu kwa hori refu jembamba lililokingwa na upepo, ambalo Wagiriki waliliita Lakydon na wakazi wa sasa wanaliita Bandari ya Zamani. Upande wa kaskazini kuna vilima vitatu vilivyofuatana, na mji wa kwanza ulikaa hapo juu, maji yakiwa miguuni pake. Kwenye pwani yenye miamba mingi na pepo kali zinazoshuka kutoka bara, nahodha asingetaka zaidi ya hapo. Ufuko wa zamani, hata hivyo, hauko tena ukingoni mwa maji. Karne kwa karne matope, taka na vifusi vilijaza kingo za hori, na gati zikasogezwa mbele. Ndiyo maana chombo kilichotelekezwa ufukoni miaka 2,500 iliyopita hakitafutwi baharini, hutafutwa chini ya barabara.

Na ndiko kilikopatikana. Mwaka 1967, wakati wa ujenzi karibu na jengo la Bourse, zilifichuka kuta za mji wa kale na gati za bandari yake. Kisha mwaka 1992 na 1993, kabla ya kujengwa maegesho ya magari chini ya uwanja wa Jules-Verne, nyuma ya ukumbi wa jiji, waakiolojia walioongozwa na Antoinette Hesnard walichimba wakashuka mpaka kwenye ufuko wa Wagiriki. Matope yaliyojaa maji, yasiyopitisha hewa, yalikuwa yamehifadhi mti. Miongoni mwa vyombo vilivyolala mle, viwili vilikuwa vya mwishoni mwa karne ya 6 KK, wakati mji ulikuwa bado na wazee waliozaliwa na waanzilishi. Wanazuoni wamevipa majina makavu ya orodha: Jules-Verne 9 na Jules-Verne 7. Patrice Pomey, mwanaakiolojia wa vyombo vya bahari, na wenzake wakavisoma kwa miaka mingi, ubao kwa ubao.

Ile ya 9 ndiyo mashua ya kushonwa mwanzo hadi mwisho. Urefu wake ulikaribia mita 10, nyembamba, ya makasia na tanga moja la mraba. Tufuate kazi yake tangu tulipomwacha fundi na keekee yake.

Mkuku umelazwa. Ubao wa kwanza unasimamishwa kando yake, wa pili juu ya wa kwanza, ubapa kwa ubapa, bila ukingo mmoja kupanda juu ya mwingine. Ili mbao zisiteleze wakati wa kushona, ndani ya unene wake vimechomekwa vijiti vifupi vya kuzishikilia. Hakuna mataruma bado. Umbo lote la mashua, jinsi tumbo linavyotanuka na omo inavyobanwa, linatoka kwenye mkato wa kila ubao na namna ulivyopindwa, na fundi analiona kichwani mwake kabla halijawa mbele ya macho yake. Siku hizi tumezoea kuona mataruma yakisimama kwanza halafu mbao zikapigiliwa juu yake, kwa hiyo ni vigumu kidogo kuwaza kazi iliyokwenda kinyume: mbao kwanza, mataruma baadaye. Ukikosea ubao wa tatu, wa nne utakuumbua, na huna taruma la kukusahihisha.

Juu ya maungio, kwa ndani, unatandikwa utepe wa kitambaa cha kitani, na juu ya utepe mkunjo wa nyuzi laini. Ndipo uzi unapoanza safari yake: unaingia kwenye kishimo cha ubao wa chini, unatokea kwenye maungio, unaingia tundu la ubao wa juu, unachomoza kwenye kishimo chake, unapita juu ya mkunjo na kuubana, unakwenda kwenye kishimo kinachofuata. Kila baada ya hatua fundi anavuta kwa nguvu zake zote, na kabla uzi haujalegea anapigilia kijiti kidogo ndani ya kishimo. Kijiti kinafanya kazi mbili: kinaukaba uzi usirudi nyuma na kinaziba tundu lisivujishe. Mwenye kuujua mkono wa mama anayeunganisha ukili kuwa mkeka, ule mvuto usiozidi wala kupungua tangu mwanzo wa mshono hadi mwisho wake, ana mwanga wa kutosha kuielewa kazi hii. Mvuto ukilegea mahali pamoja, maji yatapajua.

Mbao zikishashonwa ndipo mataruma yanaingizwa, nayo pia hufungwa kwa kamba. Tazama yalivyochongwa. Upande wa juu ni mpana, upande wa chini mwembamba, na kila yanapokutana na mshono yamekatwa pengo dogo ili yaupite bila kuukanyaga. Hapa namwona fundi waziwazi kuliko mahali pengine popote. Anajua kwamba taruma likiulalia mshono, kila wimbi litausaga uzi mpaka ukatike, basi anaacha nafasi ya kidole kimoja na kuulinda kwa miaka ijayo. Mwisho, lami iliyopikwa kwa utomvu wa misonobari na kuchanganywa na nta ya nyuki inapakwa ndani na nje. Nta huipa lami ulaini, isipasuke chombo kinapojikunja.

Na kujikunja ndiyo sifa yake kubwa. Mashua ya kushonwa si gamba moja gumu. Ikipigwa na wimbi inanepa kidogo na kurudi, ikivutwa ufukoni inajilaza. Kwenye pwani isiyo na gati, ambako kila jioni chombo hukokotwa juu ya mchanga na kokoto, hilo ni jambo kubwa. Tena ubao ukioza huvunji chochote: unakata uzi, unatoa ubao, unaweka mwingine, unashona. Wanaosema kwamba mafundi hawa walishona kwa sababu hawakujua njia nyingine wanawaonea, na nitaeleza kwa nini mbele kidogo.

Kwenye lami ya mashua hiyo ya 9 waakiolojia walikuta vipande vidogo vya marijani nyekundu vilivyonasa. Marijani hiyo huota kwenye miamba ya chini ya maji katika pwani hiyo, na watu wa bara walioishi kaskazini ya mji waliipenda kwa mapambo. Kwa hiyo hata kazi ya chombo tunaijua: kilikwenda kuvua marijani, pengine na samaki, kikirudi Lakydon. Si manowari wala jahazi la mfalme. Ni mashua ya watu wa kazi, na juu yake umewekwa ufundi wote huo.

Mkono ule ule umeonekana kwingine. Huko Pabuç Burnu, kwenye pwani ya Uturuki karibu na Bodrum, kuna mabaki ya chombo cha karne ya 6 KK kilichoshonwa. Huko Gela, Sicily, kuna kingine. Kuna Bon-Porté, karibu na Saint-Tropez, na kuna Cala Sant Vicenç katika kisiwa cha Mallorca. Ukiviweka kwenye ramani vinafuata njia za Wagiriki kutoka mashariki kwenda magharibi, na vile vishimo vya pembetatu pamoja navyo. Jambo hili linanigusa. Watu wakihama huacha nyumba, makaburi na mashamba, lakini namna ya kuvuta uzi husafiri nao, haina uzito wala hailipiwi nauli.

Sisi wa Bahari ya Hindi tuna haki ya kuzungumza hapa, maana kushona vyombo ni kazi ya kwetu pia. Mfanyabiashara wa Misri aliyezungumza Kigiriki na kuandika mwongozo wa safari za bahari hii katika karne ya 1 BK aliziona, au alizisikia kwa walioziona, mashua za kushonwa za Rhapta, kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Msafiri Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliandika habari za vyombo vya bahari hii vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Na mtepe, chombo chetu cha kushonwa kilichosafiri chini ya tanga la mkeka, ulidumu katika visiwa vya Lamu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Sidai kwamba mkono mmoja ulimfundisha mwingine. Kazi zenyewe zinatofautiana: kwa mtepe tundu lilitoboa ubao mpaka nje, likazibwa kwa vijiti na uzi wa nje ukakatwa, na uzi wenyewe ulikuwa wa makumbi, ambayo huyapenda maji ya chumvi kuliko kitani. Lakini swali lililowakabili mafundi wa Lamu na wa Massalia lilikuwa moja, yaani kuuficha uzi usisagwe na ufuko, na kila mmoja alilijibu kwa akili yake. Mwaka 2010 jahazi lililoshonwa kwa makumbi nchini Oman, Jewel of Muscat, lilisafiri mpaka Singapore, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema tena kwamba uzi ni wa mashua za ufukoni tu. Nami hufurahi kukumbuka kwamba Marseille ya leo ni mojawapo ya makao makubwa ya Wakomoro nje ya visiwa vyao, watu ambao bahari yao ndiyo bahari ya mitepe. Ukipita Bandari ya Zamani utasikia lugha iliyo dada ya Kiswahili mahali mishono ile ya kitani ilipozikwa.

Kusoma chombo kilichooza nusu ni jambo moja, kukiunda ni jingine. Pomey na wenzake wakaamua kuiunda upya ile mashua ya 9, wakisaidiana na maseremala wa mashua wa Marseille. Oktoba 2013 ikateremshwa majini, ikapewa jina la bibi harusi wa hadithi: Gyptis. Iliundwa kwa utaratibu ule ule, mbao kwanza, vishimo, kitani, vijiti, lami na nta. Nawaheshimu sana waliokubali kazi hiyo. Seremala mzoefu, mwenye mashine na misumari na jina mjini, alilazimika kuketi na patasi kuchonga vishimo kwa maelfu, tena kila kimoja kwa pembe sahihi, kwa sababu tundu likikosa ubapa wa ubao kwa nusu sentimita litatokeza nje na kuharibu ubao mzima. Michoro ya waakiolojia iliweza kumwambia tundu liko wapi. Haikuweza kumwambia uzi unavutwa kwa nguvu kiasi gani, wala kijiti kipigwe lini, wala ubao ulowanishwe na kupashwa moto kwa muda gani kabla haujakubali kupinda. Hayo yalipaswa kutafutwa upya na viganja. Na Gyptis ikaelea, ikaenda kwa makasia na kwa tanga, kwenye maji yale yale.

Sasa nirudi kwenye chombo cha pili, kile cha 7, kwa sababu ndicho kinachonifanya nikatae kuwaita wale mafundi watu wasiojua njia nyingine. Kilikuwa kikubwa zaidi, takriban mita 15, jahazi la kupakia mali. Kilitelekezwa wakati mmoja na mashua ya 9, ufuko ule ule. Lakini mbao zake kwa sehemu kubwa hazikushonwa. Ziliunganishwa kwa ndimi za mti: kwenye ubapa wa kila ubao yamechongwa matundu mapana, ulimi ukaingia nusu huku na nusu kule, kisha ukapigiliwa vijiti pande zote mbili usitoke. Njia hii ilikuwa ya kale katika bahari hiyo. Wafoinike waliimudu, na jahazi la Uluburun lililozama pwani ya kusini ya Uturuki katika karne ya 14 KK tayari lilikuwa nayo. Maungio yake ni magumu, hayanepi, na kwa hiyo huruhusu chombo kikubwa chenye kubeba shehena nzito bila kuvunjika mgongo. Mataruma ya chombo cha 7 yamepigiliwa kwa misumari ya chuma. Kwa maneno mengine, fundi wa Massalia alikuwa na njia zote mbili mkononi, na alizitumia katika kizazi kimoja, kila moja kwa chombo kilichoifaa.

Ila angalia jinsi alivyobadilika. Mataruma hayafungwi tena kwa kamba, na hakuna mshono mrefu wa kuyaogopesha, lakini ameyachonga kwa umbo lile lile la kale, mapana juu na membamba chini. Na kwenye ncha za chombo, omo na tezi, ambako mbao hupindwa kwa ukali na kukutana kwa pembe finyu, hakuuamini ulimi wa mti. Alirudi kwenye uzi. Naona alikuwa na haki. Ulimi unataka mbao mbili zilizonyooka zikitazamana sawasawa. Pale mbao zinapojinyonga, tundu la ulimi hukaa vibaya na mti hupasuka, lakini uzi hufuata mnyongo wowote. Karne moja baadaye, mnamo mwaka 400 KK, jahazi lililopatikana Ma'agan Mikhael kwenye pwani ya Israeli lina mpango huo huo: ndimi katikati, uzi kwenye ncha. Mwishoni mwa karne ya 4 KK, jahazi la Kyrenia, Cyprus, halina mshono tena. Ufundi ulichukua zaidi ya miaka 150 kuuhama uzi, na hakuna hatua ambapo fundi aliitupa njia ya zamani kabla ile mpya haijathibitika mahali hapo hasa.

Kuna mahali pengine kwenye chombo cha 7 penye uzi: kwenye viraka. Ubao wa chombo cha ndimi ukioza katikati huwezi kuutoa na kuingiza mwingine kirahisi, maana ulimi huingia kwa kushushwa ubao mmoja juu ya mwingine, na kufanya hivyo upya kungekulazimu kufumua chombo kuanzia juu. Kwa hiyo jahazi hilo lilipoharibika, fundi wa matengenezo alikata sehemu mbovu, akakata kipande cha ubao kinachoenea pengo, akashika patasi, akaanza kuchonga vishimo vya pembetatu kuzunguka ukingo wake.